Sikio la Kukhu

Mjukuu wangu Celine alipoanza kuniletea kifua chake nisikilize, nilidhani ni mchezo. Alikuwa ametoka shule, sare bado mwilini, nami nilikuwa nachambua kunde kwenye ungo. Akapiga magoti mbele yangu.

"Kukhu, weka sikio hapa. Moyo wangu unapiga sawa?"

Sisi watu wa magharibi nyanya tunamwita Kukhu. Niliweka ungo kando, nikainama, nikasikiliza. Ulikuwa moyo wa mtoto wa miaka kumi na miwili aliyepanda ngazi mbio, unagonga kama mtu anayetwanga huku anaimba. Nikamwambia, "Unapiga vizuri sana, mama." Akasema asante, akaenda kubadilisha nguo. Nikarudi kwa kunde zangu nikicheka peke yangu.

Kesho yake akarudi. Haikupita wiki akawa anakuja asubuhi kabla ya kwenda shule, na mchana akirudi, na kabla ya kulala. Baadaye hata nikiwa nasonga ugali alitaka niepue sufuria kwanza. Mimi sikumnyima. Sikio ni langu na mtoto ni wangu, nilijiambia, hasara iko wapi?

Naandika haya nikiwa bado nawakumbuka waliotutendea wema. Mambo mabaya hujikumbusha yenyewe. Wema usipoutunza, unapotea.

Tunaishi Lucky Summer, ghorofa ya juu kabisa ya ploti yetu: mimi, mwanangu Wandera, mke wake Rispa, na Celine mtoto wao. Wandera anafanya kazi kiwandani Baba Dogo. Rispa anauza viatu vya ngozi soko la Kariokor. Zamani alikuwa anauza pamoja na wifi yake, binti yangu kitinda mimba, Nakhumicha, ambaye alikuwa anashona shanga kwenye kanda za viatu hivyo. Nakhumicha alikaa nasi miaka mingi. Homa ya utotoni ilimharibia moyo, akaishi nao hivyo hivyo, na mwaka juzi wakati wa mvua ndefu moyo ukachoka.

Celine alikuwa analala kitanda kimoja na huyo senge wake, ndivyo kwetu tunavyomwita shangazi. Yeye ndiye aliyekuwa anamletea maji ya kumezea dawa. Nakhumicha alikuwa na namna yake ya kumwita, analivuta jina kama mtu anayetangaza bidhaa sokoni, "Seliiiine!", sauti inapanda mwishoni. Siku aliyofariki, mtoto alikuwa shuleni. Aliporudi alikuta godoro limesimamishwa ukutani. Sisi wakubwa tulikuwa tumekubaliana kwamba mtoto asione kitu, na tulifikiri tumemlinda.

Basi, jioni moja katika siku hizo za kusikiliza moyo, Celine alinisogelea akaninong'oneza kana kwamba kuna mtu mwingine chumbani.

"Kukhu, senge ananiita."

"Anakuita wapi?"

"Jikoni. Nikienda simpati."

"Anasema nini?"

"Ananiita tu. Siku nyingine anasema, leta maji."

Kwetu, marehemu akimwita mtu, hilo si jambo la kucheka. Ama anataka kumchukua, ama anadai jina lake lipewe mtu. Nilimwambia Rispa, Rispa akamwambia Wandera, na Wandera akampigia simu kaka yake Javan.

Javan ndiye kifungua mimba wangu. Anakaa Mukuru kwa Reuben na hufanya vibarua katika viwanda vya pale Industrial Area. Tangu baba yao afariki, yeye ndiye mwenye neno la mwisho katika boma letu. Ni mtu mkali, lakini si mbaya. Alikuja Jumapili pamoja na akina mama wawili wa kanisa lake, akakaa, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, huyu ni Nakhumicha anadai jina. Miaka miwili imepita na hatujamwita mtu kwa jina lake. Mlitarajia anyamaze?"

Niliona ni neno la kweli. Hata mimi jina langu, Nafula, lilinijia hivyo. Nilizaliwa nikilia, wakanitajia majina ya marehemu wote wa ukoo, na lilipotajwa Nafula nikanyamaza, nikanyonya.

Tukachinja kuku. Wakaomba. Javan akamwekea Celine mkono kichwani, akamwita, "Nakhumicha!" Celine akaitika, "Naam." Akamwita tena, akaitika tena. Tukala, tukashukuru, nikalala usingizi mzuri kuliko siku zote za mwezi ule.

Asubuhi mtoto alishuka ngazi ameshika ukuta kama ajuza.

Siku hiyo jioni rafiki yake Everline, wa ploti ya pili, alipaza sauti kutoka chini. Watoto wa kike wa hapa hucheza kati. Wawili wanarushiana mpira, wa katikati anaukwepa, akigongwa anatoka. Celine alikuwa hagongeki hata kidogo.

"Celo! Shuka bana, tumekosa mtu wa katikati!"

Celine akajibu akiwa dirishani. "Mimi ni mgonjwa."

"Unaumwa nini?"

"Moyo."

"Moyo gani na juzi ulikuwa unakimbia kama mbuzi?"

"Juzi sikuwa Nakhumicha."

Nilikuwa naanika nguo. Nililisikia neno hilo, likapita kama upepo, nikabana shati kwenye kamba.

Siku chache baadaye alianguka darasani. Alitetemeka, vidole vikafa ganzi, akawaambia wenzake wampigie mama yake kwa sababu anakufa. Mwalimu wake, Bwana Ondiek, ni mtu mrefu na anavaa tai kila siku. Hakumtuma mwanafunzi amlete. Alimleta mwenyewe kwa miguu, na mkoba wa mtoto, ule wa rangi ya waridi wenye picha ya paka, ameuvaa mgongoni mwake. Alipita nao mbele ya shule nzima, mbele ya vijana wa bodaboda na mbele ya wamama wa mboga. Waliotaka kucheka walimcheka yeye, wakamsahau Celine. Nadhani ndivyo alivyokusudia. Namwombea mwalimu huyo mpaka leo.

Tulimpeleka hospitali. Wakamlaza, wakambandika nyaya kifuani, mashine ikachora milima yake. Daktari akatuambia moyo ni mzima kabisa, hauna kasoro. Rispa alilia kwa furaha. Celine aliuliza, "Na senge, walimpima na hii hii?" Daktari hakujua senge ni nani, kwa hiyo hakujibu. Tulipofika langoni, vidole vya mtoto vilikuwa vimeshapanda shingoni kutafuta mshipa.

Akaacha shule. Akaacha kwenda hata dukani. Nikienda kuteka maji, ananifuata. Nikiingia msalani, anakaa mlangoni. "Kukhu, sikio." Nampa. "Kukhu, tena, hukusikiliza vizuri." Nampa tena. Na sauti ya senge ikawa inakuja karibu kila siku.

Javan alisikia, akapiga simu. Kule nyumbani, alisema, kuna boma la maombi ambalo wagonjwa wa namna hiyo hukaa na kufunga mpaka wapone. Shule zikifungwa atakuja amchukue.

Nililijua boma hilo kwa habari tu. Jirani yetu wa kijijini alimpeleka mwanawe huko, naye alirudi na alama ya kamba kwenye kifundo cha mguu, hasemi na mtu. Nilimwambia Wandera. Akazungusha kikombe mezani.

"Mama, kaka ndiye mkubwa. Na mimi sina jibu lingine la kumpa. Wewe unalo?"

Nikachukua mtungi, nikashuka.

Mfereji wa ploti uko chini, uani. Nilikuwa pale najaza mtungi, na machozi yananitoka bila mimi kuyaruhusu. Celine alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mwisho, ameshika shingo. Mzee Zedekiah akatoka kwake na kigoda. Mzee huyu alifanya kazi reli mpaka akastaafu, na anaishi peke yake chumba cha chini.

"Mama Javan, maji yako yamejaa zamani. Unamwagilia ploti?"

Nikafunga mfereji. Akaketi, akatazama upande wa mtoto, kisha akasema kwa sauti ya kutufikia sisi wote wawili.

"Unajua mke wangu alinikorogea chai mwaka mzima baada ya kumzika?"

Nikamtazama.

"Kweli. Naketi pale, nasikia kijiko kinagonga kikombe, ngli ngli ngli. Nageuka, hakuna kikombe, hakuna mke. Kila siku ngli ngli. Siku moja nikakasirika nikamwambia, mama, kama unakoroga, si basi uniletee!"

Nilicheka na machozi yakiwa bado mashavuni. Na nyuma yangu nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia kwa wiki nyingi. Celine alikuwa anacheka pia.

"Sasa bado anakoroga?" mtoto akauliza.

"Siku hizi mara chache. Nadhani amechoka na mimi." Mzee akanigeukia. "Binti yangu alinipeleka kituo cha afya hapa chini. Kuna mama mmoja pale anaitwa Nzembi, kazi yake ni kuzungumza na watu. Hakuniita mwendawazimu. Mpeleke huyu. Ikiwa mimi mwenye mvi sikufungwa kamba, kwa nini afungwe yeye?"

Kumbe ploti nzima ilikuwa inajua. Badala ya kuona aibu, nilijisikia mtu amenipokea mzigo kichwani.

Chumba cha Nzembi kilikuwa kidogo, viti vya plastiki, dirisha linatazama ukuta. Alikuwa mama wa Ukambani, mnene, mwenye sauti ya kutokuwa na haraka. Alimsalimia Celine kabla ya kunisalimia mimi, akampa mkono kama mtu mzima. Akasikiliza. Celine alimweleza yote: moyo, vidole, sauti ya jikoni. Mwisho akauliza lile lililokuwa limemkaba.

"Mimi ni kichaa?"

"Sauti hiyo ikikuita, unaogopa?"

"Nikiisikia siogopi. Naogopa baadaye."

"Inakuambia ujiumize, au uumize mtu?"

Celine alikasirika. "Senge hawezi!"

"Nimekuamini. Na ikibadilika siku moja, ikaanza kukuamuru mambo mabaya, utamwambia nani?"

"Kukhu."

"Na mimi pia. Sasa nikwambie. Watoto wengi wa umri wako husikia sauti au kuona kitu ambacho wengine hawakioni. Hawasemi tu. Na mtu akifiwa, husikia zaidi. Masikio yako yalizoea kumngoja senge. Hakuna aliyeyasaidia kumuaga. Huo si ukichaa, Celine. Tutaendelea kuiangalia hiyo sauti pamoja, lakini si ukichaa."

Nilimwona mtoto akishusha mabega. Nami nikashusha yangu.

Halafu Nzembi akanigeukia. "Na wewe Kukhu, moyo unausikiliza mara ngapi?"

"Kila akiomba."

"Nataka umpunguzie sikio."

Niliumia, siwezi kuficha. Katika dunia hii sina mali, nina sikio tu, na sasa naambiwa nilizuie. Akaona uso wangu, akasogeza kiti.

"Kukhu, unafanya kwa upendo, najua. Lakini kila ukisikiliza, yeye anajifunza kwamba moyo huu bila mlinzi utasimama. Akiomba, mwambie angoje kidogo. Kesho angoje zaidi. Hofu itapanda, utaona, halafu itashuka yenyewe. Lazima aione ikishuka."

Akamrudia Celine. "Na huyu Nakhumicha, ambaye sasa una jina lake, alikuwa mtu wa namna gani?"

"Alikuwa mgonjwa wa moyo."

"Na nini kingine?"

Celine alifungua mdomo, akaufunga. Akanitazama mimi. Alikuwa amelala kitanda kimoja na senge wake miaka yote ile, lakini baada ya mazishi hatukumtaja tena nyumbani, na kitu pekee kilichokuwa kimebaki kwa mtoto ni vidonge na glasi ya maji.

Hapo lile neno la dirishani likanirudia. Juzi sikuwa Nakhumicha.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nafikiri. Mimi nilipopewa jina la Nafula sikupewa jina tupu. Tangu nipate akili, mama yangu aliniambia habari za yule Nafula wa kwanza: alimfukuza mwizi wa ng'ombe kwa mwiko, hakuwa anaweza kupika samaki bila kuwaunguza, na watu walikuwa wanatoka mbali kumsikia akiimba shambani. Ndiyo desturi. Ukimpa mtoto jina la mtu, unampa na mtu mwenyewe. Sisi tulichinja kuku, tukala, tukamwachia Celine jina lenye ugonjwa peke yake ndani.

Nilimwambia Rispa jioni ile ile. Rispa akaacha kukata sukuma wiki.

"Celine, wewe unajua senge yako alimuuzia mtu viatu vya kushoto vyote viwili?"

"Aje?"

"Kariokor. Mteja alikuwa na haraka, na Nakhumicha mdomo haufungi, akafunga viatu bila kuangalia. Kesho yake jamaa akarudi moto, anatukana soko zima. Senge yako akamwambia, 'Pole ndugu, nilidhani unacheza mpira na mguu wa kushoto.' Yule mtu alicheka mpaka akakaa chini. Akaondoka na jozi mbili."

Tangu siku hiyo, baada ya chakula, tulikuwa tunamleta Nakhumicha mezani. Niliwaambia alivyokuwa anaiba sukari kwa kidole kilicholowa mate. Wandera, ambaye hakuwa amelitaja jina la dada yake tangu mazishi, alikuwa anasikiliza akiangalia sakafu. Siku moja akasema ghafla, "Hakuwa anaruhusiwa kukimbia. Kwa hivyo kwenye kati alikuwa mrushaji. Aliwahi kunigonga sikio hili, nikasikia kengele mpaka jioni." Akacheka, kisha kicheko kikageuka, akafunika uso kwa mikono. Celine akainuka, akamshika baba yake bega. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Lakini sikio lilikuwa kazi ngumu. Siku ya kwanza alikuja nikisonga ugali.

"Kukhu, sikio."

"Ngoja nimalize kusonga."

"Kukhu, nakufa!"

"Ngoja, mama. Niko hapa. Ngoja tu."

Alilia, akapiga mguu chini, akaniambia simpendi. Nilisonga ugali ule mpaka ukawa mgumu kama jiwe, na machozi yangu yaliingia humo. Kisha nikapakua, nikampa sikio kama nilivyoahidi. Siku nyingine nilishindwa, nikampa kabla ya muda. Nilipoungama kwa Nzembi, alinicheka kwa upole. "Kukhu, hata mimi nina wajukuu."

Alimpa Celine kazi nyingine: apande ngazi mbio kwa makusudi, moyo uende kasi, halafu akae auangalie ukishuka bila kuushika. Ngazi za ploti zinaanzia mlangoni pa Mzee Zedekiah, naye hakuulizwa. Alitoa kigoda chake nje na kujiteua.

"Abiria wa Kisumu, treni inaondoka! Wewe Celine, unapanda au unabaki Nairobi?"

Mtoto anapanda mbio, anashuka, anakaa chini akihema, mikono amekalia ili isiende shingoni.

"Unaendaje huo moyo?"

"Mbio sana, babu."

"Mwache dereva. Stesheni anaijua."

Na kweli, unashuka. Kila mara unashuka.

Mwalimu Ondiek alimpokea tena shule, mwanzoni nusu siku. Alimkalisha karibu na mlango na kuwaambia darasa, "Celine akitoka kupunga hewa, asiulizwe na mtu." Wiki ya kwanza alitoka mara nyingi. Baadaye akasahau kutoka.

Sauti haikuisha. Sitaki kudanganya. Siku moja alirudi akaniambia, akiwa anavua viatu, "Leo senge aliniita."

"Ukafanya nini?"

"Nikamwambia, niko hapa senge, nafanya hesabu." Akaingia ndani kutafuta mandazi.

Shule zikafungwa. Jumamosi Javan akaja, na mkoba mtupu wa kubebea nguo za mtoto. Alikuwa amemnunulia na shuka jipya, zito, kwa sababu kule ni baridi. Nililipapasa lile shuka na nikajua mwanangu anampenda huyu mtoto, na hilo ndilo lilikuwa linanitia hofu zaidi. Wandera alikuwa nyumbani, amesimama karibu na mlango wa jikoni. Rispa alikuwa Kariokor.

"Mama, mtoto yuko wapi?" Javan akauliza.

Nikafungua mdomo kumjibu, nikakuta sijui.

Miezi yote ile sikuwahi kutojua Celine alipo. Alikuwa pembeni yangu kama kivuli. Nikatazama kitandani, nikatazama jikoni. Hayupo. Moyo wangu mwenyewe ukaanza kwenda kasi. Ndipo kelele za chini zikapanda mpaka kwetu, nikasogea kwenye ukingo wa veranda, Javan nyuma yangu.

Alikuwa katikati. Sketi ameikunja kiunoni, uso unang'aa jasho, anaruka, anainama, mpira unapita.

"Umegongwa! Celo, toka!" Everline alikuwa anapiga kelele.

"Imegonga sketi! Sketi si mtu!"

"Sketi ni yako, toka!"

"Nitoke niende wapi, kama hamjui kurusha semeni!"

Javan aliushika ule ukingo wa veranda, akatazama kwa muda. Kisha akaita kwa sauti yake nzito, "Nakhumicha!"

Celine akainua uso, akaweka mkono juu ya macho kwa ajili ya jua. "Anko! Ni Celine Nakhumicha! Ngoja nimalize!"

Alipopanda alikuwa anahema sana. Niliuangalia mkono wake. Haukwenda shingoni. Akamsalimia anko wake, halafu akauona mkoba. Alijua ni wa nini. Akarudi hatua moja mpaka mgongo ukagusa mlango.

Wandera akasema, bila kupandisha sauti, "Kaka, mtoto haendi."

Javan hakumtazama. Alikuwa anamtazama Celine. "Bado unamsikia?"

"Mara moja moja, anko. Si kila siku."

"Anakuitaje?"

Celine alinitazama, nikatikisa kichwa kumwambia aseme. Akavuta pumzi. "Seliiiine!" Jina likapanda mwishoni, vile vile kabisa, chumba kizima kikamjua mwenye sauti.

Javan alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili. Akakaa kitini kama mtu aliyesukumwa.

"Mimi hajaniita hata mara moja," akasema. "Nilimbeba mgongoni huyo. Kila mwezi, kutoka nyumbani mpaka zahanati, nikiwa kijana mdogo tu. Miaka miwili nimekaa pale Reuben nangoja. Hata mara moja."

Hatukujua. Mimi niliyemzaa sikujua. Nilidhani ni ukali, kumbe ni kungoja.

Celine aliingia jikoni. Nikasikia maji yanamiminwa. Akarudi na glasi, akampa anko wake kwa mikono miwili, akakaa sakafuni karibu na miguu yake.

"Anko, huko njiani ukimbeba, alikuwa anafanya nini?"

Javan akanywa, akafuta uso kwa kofia. "Alikuwa ananipiga na visigino. Anasema mimi ni punda." Kitu kama tabasamu kikamjia. "Na tukifika kwenye foleni anawaimbia wagonjwa. Hata wanaoumwa meno walikuwa wanacheka."

"Wimbo gani?"

Kumbe aliujua wote. Aliuimba vibaya, maana Javan hana sauti, na Wandera akausahihisha, wakabishana mstari wa pili mpaka Rispa akatukuta hivyo aliporudi kutoka sokoni. Tulikula pamoja. Mzee Zedekiah tulimpelekea sahani yake chini, na siku za Nzembi na Mwalimu Ondiek kuja kula zitafika, nimeshawaambia.

Javan alipoinuka kwenda, alikunja ule mkoba mtupu, akautia kwapani. Shuka aliliacha kitandani kwa Celine. Hakusema neno kuhusu boma la maombi, na hakuna aliyemuuliza.

"Nitamsindikiza anko mpaka barabarani," Celine akasema, na kabla sijajibu nikasikia miguu yake inashuka ngazi mbio, na sauti ya chini inasema, "Treni hiyo! Pisheni!"

Sikwenda kwenye ukingo kumchungulia. Zilikuwa zimebaki kunde za kesho. Nikavuta ungo, nikaanza kuchambua.